Fundi Mwenye Faili Moja

Kwanza lilitokea ganda. Familia ikasogea karibu. Baada ya ganda ukaja mstari mmoja mweupe wa ndani ya mkate, kisha mwingine chini yake, polepole, kwa heshima zote, kama pazia linaloshushwa na mtu anayelipwa kwa saa. Ulipofika katikati, mkate ukasimama. Kishale kwenye kioo cha kompyuta kikageuka kiduara, na kiduara kikaanza kuzunguka.

"Umekwama," alisema mke.

"Haujakwama," alisema mume. "Unakuja."

"Unakuja kwa miguu?"

"Mama watoto, huo ni mkate wa kukaa ubavuni mwa lori. Ni mkubwa kuliko sebule hii. Kitu kikubwa lazima kije taratibu."

Mama mzazi wa mume, aliyekuwa ameketi kwenye kochi akifuma, aliinua macho. "Mimi enzi zangu nilikanda mkate, nikauumua, nikauoka, tukaula, na vyombo nikaosha," alisema. "Huo wenu bado haujafika hata kiunoni."

Mume huyo mtaa mzima ulimwita Brashi, kwa kuwa aliianza kazi ya mabango enzi za rangi za kopo, akiwa juu ya ngazi na kofia ya gazeti kichwani. Siku hizi ngazi ilianikiwa nguo uani, na mabango aliyachora kwenye kompyuta iliyokaa sebuleni, pale ambapo nyumba nyingine humkalisha mgeni. Kompyuta hiyo ilikuwa na meza yake, feni yake, na kitambaa cheupe cha kufuma alichokitengeneza mama huyo, bibi wa watoto, ambaye aliamini kwamba kitu chochote kilichogharimu zaidi ya kitanda hakistahili kukaa uchi. Watoto wote walikuwa shule ya bweni, hali iliyopunguza kelele nyumbani na kuongeza mahitaji.

Simu iliita. Brashi alitazama jina, akaivuta suruali juu kidogo kana kwamba mpigaji angemwona, akapokea kwa sauti ya mtu mwenye ofisi.

"Mama Mikate, shikamoo."

"Marahaba. Mkate wangu umefikia wapi?"

"Umefika nusu, mama."

"Nusu? Mimi siuzi nusu mkate." Mwenye kiwanda cha mikate alikuwa na sauti ya kusikika chumba kizima hata asipowekwa kwenye spika. "Sikiliza, fundi. Lori langu linatoka kupakwa rangi wiki hii. Ijumaa asubuhi nakuja hapo kwako kuuona mchoro kwa macho yangu. Nikiupenda, utachora malori yote na maduka yote. Nisipouona, naenda kwa yule kijana wa barabara kuu. Yeye ana mashine za kisasa na milango ya vioo."

Kijana wa barabara kuu hakuwa mgeni katika familia hii. Alikuwa mdogo wake mke wa Brashi, yaani shemeji mtu, na kazi yote aliyoijua alifundishwa na Brashi mwenyewe, kuanzia kushika brashi hadi kumdanganya mteja kuhusu siku ya kukauka kwa rangi. Sasa alikuwa na mtambo wa kuchapa, wafanyakazi, na kiyoyozi. Mara mbili tatu alikuwa amemwambia Brashi, mbele za watu na kwa upendo mkubwa, "Shemeji, funga kijiwe hicho uje kwangu. Nitakupa kiti karibu na dirisha." Wafanyakazi wake wote huvaa fulana nyekundu yenye picha yake mgongoni, akicheka. Picha yenyewe aliichora Brashi.

Hivyo basi, kilichokuwa kinasubiriwa kwenye kioo hakikuwa mkate tu. Mkate ukiwahi, Brashi angebaki fundi wa kujitegemea. Ukichelewa, angevaa meno ya shemeji yake mgongoni mpaka uzeeni.

Kiduara kilizunguka. Kisha kioo chote kikawa cheusi.

"Nao sasa umeungua," alisema bibi, akaendelea kufuma.

*

Kikao cha dharura cha familia kiliketi jikoni, wajumbe wakiwa watatu, na ajenda ikiwa moja. Brashi alitoa taarifa kwamba kompyuta imezeeka. Mkewe aliuliza inakuwaje mashine izeeke ilhali kwenye kioo chake hakuna kitu. Na hilo lilikuwa kweli tupu. Mafundi wengine, ukifungua kompyuta zao, vioo vimejaa vialama kama uso wenye tetekuwanga. Cha Brashi kilikuwa safi. Kulikuwa na picha ya watoto siku ya kupelekwa shule, wote wamenuna, na faili moja tu katikati, lililoitwa BANGO.

"Mume wangu ni mtu nadhifu," mke alipenda kuwaambia wateja, akiwaonyesha. "Faili moja tu. Hana takataka."

Kikao kiliazimia kumwita Bisibisi. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta, msichana mwembamba aliyefungua banda lake karibu na mashine ya kusaga, na alipewa jina hilo kwa sababu bisibisi ilikaa nyuma ya sikio lake kama kalamu ya karani. Alifika na begi mgongoni, akaamkia wote, akaitazama kompyuta kwa muda, kisha akasema kwa adabu:

"Nani ameivalisha?"

"Mimi," alisema bibi.

"Kitambaa kizuri sana, bibi. Ila kimekaa penye matundu ya kupumulia. Inashindwa kutoa joto."

"Kwani wewe ukivaa nguo unashindwa kupumua?"

"Pua yangu haivai, bibi."

Bibi alikivua kitambaa, akakikunja, akakiweka mapajani, akakaa nacho hivyo kama mtu aliyefiwa. Bisibisi akafungua ubavu wa mashine. Vumbi lililotoka humo lilikuwa limeshikana kama sufu, na mke wa Brashi akatazama pembeni kwa aibu, kwa kuwa mtu akionekana na vumbi nyumbani anayesemwa ni mwanamke, hata kama vumbi lenyewe liko ndani ya sanduku lililofungwa kwa skrubu nne. Msichana alipuliza, akafuta, akachomeka kijiti kipya cha memori, ambacho kilinunuliwa kwa hela iliyowekwa ya kununulia godoro. Kisha akaiwasha, akachungulia hiki na kile.

"Mzee, diski yako imejaa pomoni," alisema. "Kazi kubwa kama hizi za picha zinahitaji nafasi ya kupumzikia pembeni. Hapa hakuna hata pa kuweka mguu. Una nini humu?"

"Faili moja tu," alisema Brashi.

Bisibisi alicheka. Alidhani ni utani.

"Hebu basi fungua hiyo kazi, nione inavyokwenda."

Brashi akasimama kati yake na kioo, akanyoosha mikono yote miwili kama kipa. "Hapana, binti. Kazi ya mteja ni siri. Leo nakuonyesha wewe, kesho iko barabara kuu."

"Mimi nitaipeleka barabara kuu?"

"Sijasema wewe. Nimesema siri."

Hapo elimu ya kompyuta ilikutana na miiko ya mabango, na miiko ikashinda. Bisibisi alifuta makorokoro aliyoyaona yeye, akawaonyesha jinsi mashine ilivyokuwa inawaka haraka sasa, akaahidi kupita tena kuangalia hali ya mgonjwa, akaondoka. Brashi aliketi, akapangusa mikono kwenye suruali, akabofya BANGO.

Kiduara kikatokea, kikaanza kuzunguka. Kwa kuwa vumbi halikuwapo tena, sasa kilizunguka vizuri zaidi.

*

Alhamisi asubuhi mkate ulikuwa umefika mahali pa kupaka siagi, na haukuwa na dalili ya kuendelea. Brashi alisogeza neno moja, akasubiri. Alipotaka kulirudisha, akasubiri tena. Alikwenda uani, akanawa uso, akarudi, akalikuta neno limehama na kwenda kukaa juu ya mkate kichwachini. Alikaa akilitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua simu, akatoka nje, na mkewe akamwona dirishani akizungumza huku akichora chora ukutani kwa kidole, kama mtoto anayeomba ruhusa.

Kabla ya saa sita mfanyakazi mmoja wa shemeji alileta mfuko wa plastiki kutoka barabara kuu. Ndani yake kulikuwa na fulana nyekundu.

"Hii ni nini?" aliuliza mke.

"Fulana."

"Naiona kuwa ni fulana. Baba watoto, ni nini?"

"Nimeongea na shemeji. Jumatatu naanza." Alisema hayo akiangalia mguu wa meza. "Usinitazame hivyo. Ni mdogo wako, si mtu baki. Na dirisha amesema lipo."

 Mke alikwenda jikoni, akafungua bomba, akalifunga, akarudi. "Ijaribu basi," alisema. "Isije ikawa inabana, halafu Jumatatu ukaanza kazi huku kitovu kinachungulia."

Aliijaribu. Ilibana. Tumbo la Brashi, ambalo lilikuwa limejengwa kwa miaka ya kukaa na kusubiri kiduara, lilichukua nafasi yote ya mbele, na mgongoni picha ya shemeji ikavutika pembeni mpaka cheko lake likawa la mtu mwenye meno arobaini. Bibi alimzunguka mwanawe akimkagua.

"Huyu kijana alipokuja hapa kujifunza kazi," alisema, "alikuwa akila sahani mbili. Sasa namwona amehamia mgongoni."

 Wakati huohuo mlango uligongwa, na Bisibisi akaingia akiwa na begi lake, akisema amepita kumwona mgonjwa. Aliiona fulana, akaona na nyuso, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Simu ya Brashi iliita. Hakuichukua. Mkewe ndiye aliyepokea, akaongea kwa sauti ya ofisini zaidi kuliko hata ya mumewe.

"Ndiyo, mama. Yupo, ila mikono ina kazi. Nyekundu ipi, mama? Ya bucha? Aah, ile ya bango la bucha la zamani. Sawa. Nitamwambia." Akakata simu. "Mama Mikate anataka jina la kiwanda liwe na wekundu uleule wa lile bango la bucha. Anasema wekundu ule ulikuwa ukimfanya asikie njaa akipita. Unayo bado ile kazi?"

"Ipo," alisema Brashi, bila kugeuka.

"Iko wapi? Mbona una faili moja tu?"

"Iko humohumo. Chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya mkate."

Bisibisi, ambaye mpaka hapo alikuwa hayupo katika mazungumzo haya, aliinua kichwa.

"Samahani, mzee," alisema. "Chini ya mkate, kivipi?"

Brashi aligeuka. Alionekana kama mtu aliyeulizwa miguu yake iko upande gani. "Bango la zamani huwa linakwenda wapi, binti? Si unapaka juu yake! Unachukua ubao, unaziba ya jana kwa rangi nyeupe, unaandika ya leo. Miaka yote nimefanya hivyo. Kuna mbao zangu zilipakwa mpaka zikawa nzito kuliko mlango. Mvua ikinyesha sana, unaona maneno ya duka la zamani yanachungulia kwa mbali. Hakuna fundi anayetupa ubao."

"Na kwenye kompyuta?"

"Kwenye kompyuta ni rahisi zaidi. Nafungua bango langu, ile kazi ya jana naifumba jicho isionekane, naanza mpya juu yake. Nikimaliza napeleka picha yake ikachapwe. Ubao unabaki hapohapo."

 Bibi alisimamisha sindano.

"Mzee," alisema Bisibisi taratibu, "tangu lini?"

"Tangu tuinunue."

Msichana aliketi kwenye mkono wa kochi bila kukaribishwa. "Naomba unifungulie," alisema. "Nitafumba macho kwenye siri za wateja. Nataka kuona upande mmoja tu wa kioo."

Safari hii Brashi hakusimama kama kipa. Kwa mtu aliyevaa fulana ile, siri haikuwa na thamani tena. Alibofya, wakasubiri, bibi akapata nafasi ya kumaliza mstari mzima wa ufumaji wake, na hatimaye faili likafunguka. Bisibisi alionyesha ukingoni mwa kioo, mahali ambapo matabaka ya mchoro hupangwa moja juu ya jingine, kila moja na kijicho chake pembeni. Juu kabisa kulikuwa na tabaka la mkate, jicho wazi. Chini yake macho yote yalikuwa yamefumbwa. Alishuka nayo. Akashuka tena. Akaendelea kushuka, na upande ule uliendelea kumletea macho yaliyofumbwa, mamia, kama bweni la shule saa ya ukaguzi.

"Kuyafumba hakuyaondoi," alisema. "Unayabeba yote kila unapofungua. Kila mkate unaousogeza, mashine inausogeza ikiwa na haya yote mgongoni."

"Lifumbue moja," alisema mke.

Bisibisi alibofya kijicho kimoja. Wakasubiri. Polepole, juu ya mkate, likajitandaza tangazo la saluni, mwanamke mwenye nywele za kufika ukingoni mwa kioo. Alibofya jingine: mbuzi aliyepotea, zawadi nono. La chini yake lilikuwa la mbuzi yuleyule, amepatikana, mwenyewe anashukuru wote. Likaja la bucha, na wekundu wake ukajaza sebule mpaka bibi akasema kweli, hata yeye tumbo limenguruma. Likaja la harusi ya shemeji, akiwa mwembamba, macho yamemtoka. Likaja la mgombea wa uenyekiti wa mtaa aliyeahidi taa za barabarani, na hapo mke wa Brashi akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia. Alishika ukingo wa meza, akaficha uso kwenye bega la fulana nyekundu, akacheka mpaka machozi yakamlowesha mumewe.

"Baba watoto," alisema alipoweza kupumua, "mtaa mzima umelala humu ndani! Na mimi nawaambia watu huna takataka!"

Brashi hakucheka. Alikuwa ameshika kipanya kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Wiki nzima alikuwa ameitukana mashine hii, ameila hela ya godoro, amemvua bibi kitambaa, na ameomba kazi kwa mtu aliyefundishwa naye kuosha brashi. "Nilidhani naweka akiba," alisema kwa sauti ndogo. "Sijui kutupa kazi ya mikono yangu. Ningeitupaje?"

Mkewe alijifuta machozi. Alimtazama, tumbo na yote.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana hata mimi bado nipo. Sasa vua hiyo fulana kabla haijakuziba damu."

*

Bisibisi hakutaka kufuta kitu. Alisema hakuna haja ya kutupa ubao hata mmoja. Kila kazi itapata faili lake na jina lake, na zote zitahamia kwenye diski ya nje aliyokuwa nayo begini, ambayo watamlipa mambo yakinyooka. Mchana wote ule walikaa watatu mbele ya kioo. Msichana alikuwa anatenga matabaka, mke anayapa majina, na Brashi anathibitisha. "Hili la nani?" "La yule kinyozi aliyehama na kodi ya watu." "Niandike hivyo?" "Andika Kinyozi." Bibi alijipa cheo cha kusimamia nidhamu, na kila mgombea aliyejitokeza na ahadi alimzomea.

Kila walipotoa kazi kadhaa, faili lilipungua uzito, na kiduara kilikaa muda mfupi zaidi. Mwishowe kilikuja, kikazunguka mara moja kama mtu aliyekosea mlango, kikaondoka. Hakikurudi.

"Sasa mzee," alisema Bisibisi, "huo mkate usiuweke juu ya kitu chochote. Anza ukurasa mpya."

Akabofya, na ukurasa ukafunguka papo hapo: mweupe wote, mpana kama ubavu wa lori.

Brashi aliutazama. Akapangusa mikono kwenye suruali. Akauangalia tena. Tangu aanze kazi hakuwahi kupewa ubao ambao mtu hajauandikia kitu. Daima palikuwa na bucha chini, au mbuzi, na mkono wake ulijua kuanza kwa kumfunika aliyetangulia. Tena alizoea kubofya, kisha kukaa na kufikiri wakati mashine inahangaika. Sasa alibofya, na jambo likawa limeshatendeka, na kishale kimesimama palepale kikimtazama. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, kompyuta ndiyo iliyokuwa inamsubiri yeye.

"Mbona huchori?" aliuliza bibi.

"Nafikiri, mama."

"Loo," alisema bibi. "Ugonjwa umehama."

Mkewe alivuta kiti, akakaa karibu naye, bega kwa bega. "Weka mkate kwanza," alisema. "Mengine yatajipanga. Wewe weka mkate."

Akauweka. Ganda, weupe na kisu cha siagi vikatokea kwa pamoja, vizima, kabla hajaondoa kidole. Brashi akauvuta kushoto, ukaenda kushoto. Akauvuta kulia. Akauzungusha bila sababu yoyote, akaurudisha, akauzungusha tena, na sebule yote ikamwacha acheze.

*

Ijumaa, kabla ya Mama Mikate kuamka, Brashi alipeleka fulana barabara kuu. Alikuwa ameifua mwenyewe na kuikunja. Alitegemea kuikabidhi mapokezi na kuondoka, lakini shemeji alikuwa dukani peke yake, kwenye kiyoyozi chake, amekaa mbele ya kompyuta mpya yenye kioo kikubwa kama dirisha. Hakugeuka.

"Shemeji, karibu. Nipe dakika moja, mashine inafungua."

"Nimekuja kurudisha hii. Nimeamua kubaki na kijiwe changu. Nakushukuru sana, usinielewe vibaya."

"Sawa, sawa. Kuna ubaya gani?" Shemeji alikuwa anakuna kichwa. "Hebu nikuulize, wewe uliyeanza zamani. Hii ni kompyuta ya tatu naibadilisha. Kila mwaka nanunua kubwa zaidi, kila mwaka inachoka. Wanasema ni umeme. Wewe unaonaje?"

Brashi alisogea, akachungulia juu ya bega lake. Kiduara kilikuwa kinazunguka kwenye kioo kile cha kifahari. Nyuma yake kulikuwa na picha ya shemeji na mkewe siku ya harusi, na faili moja tu katikati, lililoitwa BANGO KUBWA.

Hapo Brashi alipatwa na jaribu kubwa sana.  Alikumbuka kila mara alipoitwa kwenye dirisha lile mbele za watu. Akamtazama kijana huyo aliyefundishwa naye kila kitu, na aliyeshika kila kitu, hata hili la faili moja.

"Jioni uje nyumbani," alisema. "Uje na hilo faili lako kwenye diski. Na dada yako asijue mapema, maana atacheka mpaka aumwe."

*

Mama Mikate alikalishwa kwenye kiti cha kompyuta chenyewe, heshima ambayo hajawahi kupewa mteja yeyote. Mke alileta chai. Bibi alikuwa amevaa nguo ya kutokea, na kitambaa chake cha kufuma kilikuwa kimepata makao mapya chini ya kikombe cha mgeni. Brashi alifungua kazi. Mkate ulitokea mzima, ukubwa wa kioo chote, na juu yake jina la kiwanda kwa wekundu ule wa kutia njaa. Mama Mikate akashusha kikombe.

"Fundi," alisema. "Huu mkate mbona kama unatoa moshi?"

"Nimeupa moshi kidogo, mama."

"Uongeze."

Akauongeza. Ulichukua muda wa kupepesa jicho.

"Kumbe ni haraka hivyo!" Macho ya Mama Mikate yaling'aa, na Brashi, ambaye alikuwa fundi kwa miaka mingi na mjanja kwa miaka mingi zaidi, alijua amejiponza. "Basi uukuze. Zaidi. Sasa upunguze. Jina lisogee huku. Hapana, kule. Rudisha. Weka na siagi. Siagi iyeyuke. Unaweza kuniweka na mimi hapo pembeni, naonja?"

Akamweka pembeni, akionja, kwa picha aliyotoa kwenye simu yake. Akambadilisha kilemba. Akampunguza kidevu, kisha akampunguza tena kwa hiari yake mwenyewe, na hapo Mama Mikate akasema fundi huyu ana jicho. Kila alichotaka kilitokea kabla hajafunga mdomo, na kwa hiyo hakuufunga. Mke wa Brashi alisimama mlangoni akimtazama mumewe anavyotoka jasho, akaanza kuelewa kwamba miaka yote ile kompyuta ile ilikuwa inawalinda na jambo fulani.

"Sasa," alisema Mama Mikate, akijiegemeza kwenye kiti na kuutazama mchoro kwa kichwa kilichoinama upande. "Mimi nimekaa vizuri sana hapo. Je, tukiutoa mkate wote kabisa, tukaniacha mimi tu, halafu lori likawa la bluu, na maneno yote tukayageuza?"

 Kidole cha Brashi kilikuwa juu ya kipanya. Mibofyo mitatu, minne ingetosha. Alivuta pumzi, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa ya kitaalamu.

"Hilo, mama, linawezekana," alisema. "Ila kwa ukubwa huu, mashine italifanyia kazi hadi Jumatano."

"Jumatano!"

"Kama umeme hautakatika."

Mama Mikate alitazama saa yake, akautazama mkate, akajitazama na yeye mwenyewe alivyokuwa anaonja. "Hapana, lori linatoka kesho. Uacheni mchoro hivyohivyo, umependeza. Ukachapwe leo. Na yale malori mengine utayaanza wiki ijayo, fundi, pamoja na maduka."

Mke wa Brashi aliinama haraka kuokota kikombe ambacho hakikuwa kimeanguka. Bibi alikohoa. Kompyuta, iliyokuwa imemaliza kazi zake zote na kukaa bure tangu zamani, ilinyamaza kimya kama shahidi aliyelelewa vizuri.